Mlango wa Karakana: Habari za Mafunzo ya Chuma Afrika Mashariki

Kabla ya kuja kwa shule na hati zake, ufundi wa chuma katika nchi zetu haukuwa kazi ya kila apendaye. Ulikuwa urithi uliolindwa na nasaba na kuzungushiwa miko, na aghalabu kijana asiyezaliwa katika ukoo wa wahunzi hakuwa na njia ya kuukaribia mvukuto, sembuse kushika nyundo. Zana zimebadilika mno tangu zama hizo, kutoka viriba vya ngozi hata mashine ya umeme, na mabadiliko hayo yanastahili kusimuliwa. Lakini mimi naona kwamba habari kubwa zaidi katika tarehe ya ufundi huu ni ya mlango wa karakana, yaani nani aliruhusiwa kuingia kujifunza, nani alizuiliwa, na kwa hoja gani.

Chuma ni mali ya kale katika pande hizi. Al-Idrisi, bingwa wa jiografia aliyeandika katika karne ya 12 chini ya himaya ya mfalme wa Sicily, aliwataja watu wa Malindi kuwa wachimbaji wa chuma ambao biashara yake iliwapa pato kubwa. Barani, Wafipa walijenga matanuri marefu kupita kimo cha mtu, yaliyovuta hewa yenyewe pasipo kuvukutwa; Wahaya nao waliyeyusha mawe ya chuma karibu na Ziwa Viktoria tangu karne ambazo hakuna msimulizi azifikiazo. Lakini heshima ya mhunzi haikuwa moja kila mahali. Kule Ugweno, katika milima ya Upare, masimulizi yanaeleza kuwa ukoo wa Washana, waliokuwa wahunzi, ndio uliotawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Ilhali miongoni mwa Wamaasai wahunzi walitengwa, watu wengine wakakataa kuoana nao, ingawa hakuna shujaa aliyeweza kutoka vitani bila mkuki waliomfulia. Wakikuyu waliiogopa laana ya mhunzi kuliko laana nyingi. Basi awe mtawala, awe mtengwa, awe mtu wa kuogopwa, mhunzi alisimama kando ya watu, na elimu yake ilisimama kando pamoja naye.

Mafunzo yenyewe hayakuwa na muhula wala mtihani. Mtoto alianza kwa kubeba makaa na kuvukuta, akiyazoesha macho yake rangi za chuma motoni, kwa kuwa hapakuwa na kipimo kingine cha joto ila rangi. Akaja kushika koleo, akaja kupewa nyundo ndogo, na baada ya miaka ndipo alipoachiwa kuunga vipande viwili, akivipasha mpaka vikalainika na kuvifua pamoja juu ya fuawe hata vikawa kimoja. Katika miji ya Waswahili, ambako mzazi aliweza kumkabidhi mwanawe kwa fundi asiyekuwa jamaa yake, mwanagenzi alipohitimu fundi alipewa kilemba, ada iliyoshuhudia mbele ya watu kuwa sasa ni fundi miongoni mwa mafundi. Naitukuza desturi hiyo, kwa kuwa ilimfanya mwalimu awe mdhamini wa kazi ya mwanafunzi, na aibu ya kazi mbovu iliwapata wote wawili.

Waliouvunja mlango wa nasaba kwanza walikuwa watu wasiokuwa na nasaba ya kutajwa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipofika Unguja mwaka 1863, na kuvuka hadi Bagamoyo mwaka 1868, walianzisha karakana za useremala na uhunzi kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Na Waanglikana wa chama cha wamisionari cha CMS walipoanzisha Freretown karibu na Mombasa mwaka 1875, huko nako ufundi wa mikono ulishika nafasi kubwa katika malezi. Fikiri, msomaji, hali ya mtoto aliyenyakuliwa kwao, asiyejua kaburi la babu yake, akafundishwa kazi ambayo pengine katika kijiji chake mwenyewe angekatazwa kuigusa. Hata hivyo mlango ule ulikuwa na sharti lake, nalo ni dini ya mwenye karakana, na kwa sababu hiyo Waislamu wa Pwani wakauacha. Wadachi, waliohitaji makarani na mafundi wa serikali yao, waliliona tatizo hilo wakaondoa mafundisho ya dini katika shule yao ya Tanga, iliyofunguliwa mwaka 1892, ambako watoto wa Kiislamu waliweza kusoma na baadhi yao kufunzwa kazi za mikono.

Kisha ikaja reli. Ujenzi ulipoanza Mombasa mwaka 1896, Waingereza waliwaleta wafanyakazi zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wakiwamo wahunzi mahodari wa Punjab, na reli ilipofika ziwani mwaka 1901 karakana kubwa ya Nairobi ilikuwa imekwisha kuwa mikononi mwa mafundi hao. Mwafrika alikuwamo, lakini kama mbeba vyuma na msaidizi, na mengi aliyojifunza aliyapata kwa kutazama, si kwa kuelekezwa. Serikali ya Kenya ilipoanzisha chuo cha ufundi cha Kabete katika miaka ya 1920, sababu mojawapo iliyosemwa waziwazi ni kupata mafundi wa ijara ndogo kuliko Wahindi. Siwalaumu wazazi wa wakati ule waliotaka watoto wao wapewe kalamu kabla ya nyundo, maana waliuona ujira wa karani na ujira wa fundi mweusi, wakaelewa kuwa elimu ya mikono ilikusudiwa iwe dari juu ya vichwa vya watoto wao. Na nadhani dharau kwa kazi za mikono, ambayo hata leo tunaisikia katika nyumba zetu, ilipata nguvu pale.

Wakati huohuo ufundi wenyewe ulikuwa umepinduka. Mnamo 1903 Wafaransa Fouché na Picard walitengeneza bomba la kuchanganya oksijeni na gesi ya asetilini, ambalo mwali wake hupita digrii 3,000 za sentigredi, na hali chuma safi huyeyuka kwenye digrii 1,538. Na baada yao kidogo Msweden Oscar Kjellberg alibuni kijiti cha kuchomelea kwa umeme kilichopakwa dawa ya kukinga uji wa chuma usiharibiwe na hewa. Kwa njia hizi vyuma viwili havikuhitaji tena kufuliwa vikaungana. Viliyeyushwa ukingoni vikawa mwili mmoja. Lakini wepesi wake ni wa machoni tu. Mwanafunzi huanza kwa kulaza mstari juu ya bamba bovu, akijifunza umbali wa kijiti, kwani akikikaribisha mno hunata na akikiinua mno matone huruka ovyo. Kisha huunga ncha kwa ncha, bamba juu ya bamba, na pembe, kwanza kazi ikiwa imelala, halafu imesimama, na mwisho ikiwa juu ya kichwa chake, ambako uji wa chuma hutaka kumdondokea. Hugonga ganda na kutazama kama moto umepenya hadi chini, kwa sababu kiungo chaweza kung'aa juu na kuwa kitupu ndani. Na mwanga wake hauvumiliki kwa jicho tupu: anayeutazama bila kioo hulala usiku ule kama aliyemwagiwa mchanga machoni. Hayo ndiyo maarifa ambayo kutazama peke yake hakuyatoi, na hapo shule ilistahili nafasi yake.

Kwa watu wa Pwani, shule iliyobeba matumaini hayo ni Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo wengi waliizoea kwa jina la MIOME. Sir Philip Mitchell, Gavana wa Kenya, aliona jinsi Waislamu walivyoachwa nyuma, na katika 1948 zikapatikana pauni 300,000: laki moja kutoka kwa Aga Khan, laki moja kutoka kwa Sultani wa Zanzibar, elfu hamsini kutoka kwa Mabohora, na elfu hamsini kutoka kwa Waziri wa Makoloni. Majengo yalisimama Tudor, na Mei 1951 wanafunzi wa kwanza wakapokewa, vijana wa Kiislamu kutoka nchi mbalimbali za Afrika Mashariki. Nafurahi kila niikumbukapo orodha ile ya wafadhili, kwa kuwa Ismailia, Ibadhi na Bohora walikubaliana kuwa kijana wa Kiislamu ashike zana, nao wakitoka katika dini ambayo mapokeo yake yanamtaja Nabii Daudi kuwa aliyelainishiwa chuma na Mola. Lakini sina budi kusema pia kuwa huo nao ulikuwa mlango wenye bawabu: Mgiriama au Mtaita asiyekuwa Mwislamu, aliyezaliwa mwendo mfupi kutoka Tudor, hakuhesabiwa. Baada ya uhuru kizuizi hicho kiliondolewa, na mwaka 1966 jina likabadilishwa kuwa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Mwaka 1972 ikawa politekniki, na tangu 2013 ni Chuo Kikuu cha Ufundi. Kupanda huko ni fahari, ila kila ngazi iliyopandwa ilidai vyeti vingi zaidi vya kuingilia, na mtoto aliyeshindwa darasani, ambaye mikono yake haikushindwa, alizidi kukaa mbali.

Tanganyika ilipita njia iliyofanana nayo. Shule ya ufundi ya Ifunda ilifunguliwa mwaka 1951, mahali palipokuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi wakati wa vita, na ya Moshi ikafuata mwaka 1957. Lakini baada ya uhuru zote mbili zikageuzwa shule za sekondari za ufundi. Pengo lililobaki katika kuwafunza mafundi wa kawaida lilianza kuzibwa kwa sheria ya mafunzo ya ufundi ya mwaka 1974, na kisha kwa sheria ya 1994 iliyoanzisha VETA, mamlaka ya elimu na mafunzo ya ufundi stadi.

Nje ya kuta hizo zote, Gerezani mjini Dar es Salaam na Kamukunji mjini Nairobi, maelfu ya vijana wamejifunza chini ya jua kali, kwa kukata mapipa, kunyoosha mabati na kuchomelea mageti, wakifunzwa na fundi ambaye naye alifunzwa hivyohivyo. Mashirika, mabohari na wakandarasi wakubwa waliwapita watu hawa kwa kuwa hawakuwa na karatasi, ijapokuwa majumba yetu mengi yamefungwa kwa milango waliyoiunda wao. Katika miaka ya karibuni VETA imeanza kuwapima mafundi wa namna hii kwa kazi ya mikono yao, palipopungua wakaongezewa mafunzo, na mwenye kufaulu akapewa cheti. Mtihani huo unamtaka fundi aunge bamba mbele ya mkaguzi, na haumuulizi ukoo, wala dini, wala darasa alilofikia. Nami nautaka ufike katika kila wilaya, pamoja na vioo vya macho kwa wale ambao hadi leo huchomelea bila kinga.