Pareto ilikuwa yetu, sasa tunanunua nakala yake

Kama ulifanya jiografia sekondari, pareto unaijua kwa jina. Ulikariri inapomea, Molo, Nyandarua, Kisii, ukaandika kwa mtihani, ukasonga. Kitu hatukuambiwa ni kwamba dawa nyingi za wadudu ziko kwa agroveti leo ni wajukuu wa lile ua dogo jeupe.

Tuanze na kazi yake. Ndani ya ua la pareto kuna kemikali zinaitwa pairethrini. Zikigusa mdudu, zinashika neva zake zinakosa kuzima. Anatetemeka, anaanguka, ameenda. Halafu jua likiwaka, hiyo dawa inavunjika haraka. Kwa anayekula sukuma hiyo ni habari njema. Kwa mkulima ni kazi, kwa sababu vidukari wakirudi lazima apulize tena.

Pareto asili yake ni pwani ya Dalmatia, Kroatia ya leo. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, Japani ndio ilikuwa inaongoza kuiuza. Hata ile dawa ya mbu ya kuzunguka tunawasha usiku ilianzia Japani, ikitengenezwa na pareto. Huku kwetu ililetwa na walowezi wazungu mwisho wa miaka ya 1920. Vita ikazuka, Japani ikawa adui, na majeshi ya Uingereza na Marekani yalihitaji dawa ya mbu. Kenya ikachukua nafasi. Baada ya uhuru, kilimo hicho kikashikwa na wakulima wadogo kupitia vyama vya ushirika, na kwa miaka yake mizuri karibu asilimia 70 ya pareto ya dunia ilitoka hapa.

Lakini dunia ilikuwa inatafuta kitu cha bei rahisi na kinachokaa. Mwaka wa 1939, Paul Müller wa Uswisi akagundua kwamba DDT inaua wadudu. Mwaka wa 1948 akapewa Nobel. Kukaa ndiko kulikuwa sifa ya DDT, na ndiko kulileta balaa: ilibaki kwa udongo, ikaingia kwa samaki na ndege, na nzi wakaizoea ndani ya miaka michache tu. Rachel Carson akaandika kitabu kuhusu hayo mwaka wa 1962, na Marekani ikaipiga marufuku kwa mashamba mwaka wa 1972.

Kulikuwa pia na kundi la oganofosfeti. Hizo hazikai kama DDT, lakini neva zinazovuruga ni za mdudu na zako pia. Mjerumani Gerhard Schrader alikuwa anatafuta dawa ya wadudu mwaka wa 1936 akapata tabuni, sumu ya vita. Fikiria hiyo ukiona mtu anapuliza shamba bila glavu wala barakoa.

Ndipo watafiti wakarudi kwa ua. Mwaka wa 1973, Michael Elliott na wenzake wa Rothamsted, Uingereza, wakatoa pamethrini. Walichukua umbo la kemikali ya pareto wakalirekebisha lisiharibiwe na jua. Kundi hilo linaitwa pairethroidi. Soma lebo ya dawa kwa agroveti: jina likiishia na herufi t-h-r-i-n, mara nyingi hiyo ni nakala ya pareto.

Sasa wengi husema hiyo nakala ndio iliua pareto yetu. Mimi nakataa nusu. Ni kweli ilikula soko. Lakini wateja wa pareto asili hawakuisha, na wanaolima bila kemikali za maabara bado wanaitafuta. Kilichotuangusha ni malipo. Wakulima walipeleka maua kwa bodi ya serikali wakangoja pesa miezi, wengine miaka. Ungekuwa wewe? Watu waling'oa wakapanda viazi. Tasmania, kule Australia, ikakalia kiti chetu.

Na tusidanganyane, pareto si maji. Inaua nyuki na samaki pia, na mkulima anafaa kuipuliza jioni nyuki wakiwa wamelala. Ila kati ya kitu kinachoisha kwa jua na kitu kinachofuata mboga hadi sahani, mimi najua ningependa mama mboga auze gani.

Tangu sheria ya 2013, kampuni binafsi zinaruhusiwa kununua pareto, na kaunti kama Nakuru zimekuwa zikigawa miche. Poa. Lakini miche tulikuwa nayo hata zamani. Anayetaka pareto irudi amlipe mkulima mwezi ule ule ameleta maua, full stop.

Kama ushago kwenu ni Molo, Kisii ama Nyandarua, uliza shosho waling'oa pareto mwaka gani na walikuwa wanadai pesa ngapi. Niandikie hapo chini.