Msawazo si utulivu

Neno msawazo limetokana na kitenzi kusawaza, kama msukumo ulivyotokana na kusukuma. Katika fizikia linataja hali ambayo kani zote zinazotenda juu ya kitu zinafutana, jumla yake ikawa sifuri. Picha inayomjia upesi anayelisoma ni ya kitabu kilicho juu ya meza: uzito wake unakivuta chini, meza inakisukuma juu, nacho hakisogei. Picha hiyo ni sahihi, ila haitoshi, kwa kuwa kitu kinachokwenda kwa kasi ileile katika mstari ulionyooka nacho kimo katika msawazo uleule. Ndiyo maana kuifasiri istilahi hii kwa neno utulivu ni kosa.

Ushahidi tunauona kila masika. Tone la mvua likianza kuanguka, uzito wake unashinda ukinzani wa hewa, hivyo kasi inaongezeka. Lakini kadiri kasi inavyoongezeka ndivyo hewa inavyozidi kulipinga, mpaka ukinzani unalingana na uzito. Hapo kani zimesawazika, na tone halisimami angani. Linaendelea kushuka kwa kasi isiyobadilika, ambayo kwa tone kubwa ni kama mita 9 kwa sekunde. Kama msawazo huo usingekuwapo, tone lililotoka kilomita moja juu lingetufikia kwa kasi ya kilomita 500 hivi kwa saa.

Atakayepinga atauliza: kani zikifutana, ni nini basi kinachoendesha tone? Mbona mkokoteni ukiachwa kusukumwa husimama? Swali hili ni la zamani; Aristotle naye alishikilia kwamba kitu hakiendi bila kuendeshwa. Jibu lilianza kuonekana kwa Galileo, kisha Newton akaliweka kuwa sheria ya kwanza ya mwendo mwaka 1687: mwendo ulionyooka wenye kasi moja hauhitaji kani ya kuudumisha, kinachohitaji kani ni badiliko la mwendo. Mkokoteni husimama kwa sababu msuguano umebaki peke yake bila mpinzani. Msukumaji barabarani anapokwenda kwa mwendo mmoja, kazi ya mikono yake ni kuufuta msuguano huo, wala si kuuzalisha mwendo upya kila hatua.

Wapo pia watakaosema kwamba neno lenyewe ndilo linalopotosha, maana kilicho sawa huonekana kimetulia. Nadhani lugha yetu inatusaidia kuliko wanavyodhani. Kani, kabla ya kuingia maabara, ilikuwa na maana ya ubishi pia: mtu hutia kani, hushika kani. Na ubishi hauwi wa mtu mmoja, kama vile kani ya fizikia isivyokuwa mali ya kitu kimoja, bali ni tendo la kitu juu ya kingine. Wabishi wawili wakitoshana, hakuna anayemgeuza mwenzake, lakini hakuna aliyenyamaza. Kinachosawazishwa, basi, ni kani, si kitu. Kwa hiyo mwalimu asimwambie mwanafunzi kwamba kitu kilicho katika msawazo kimetulia. Amwambie kwamba mwendo wake haubadiliki; kauli hiyo moja inakitosha kitabu cha mezani na tone la mvua.