Mshahara wa Rubani Mwanagenzi: Mgogoro wa Marekani, 1932–2022

1. Utangulizi

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii yamtaka mgeni ashiriki kazi za wenyeji. Haisemi kwamba anyimwe chakula chao. Katika historia ya urubani nchini Marekani, hata hivyo, mgeni wa kazi mara nyingi alipewa jembe lile lile kwa ujira pungufu. Makala haya yanachunguza vipindi vitatu vya mgogoro huo. Hoja yetu ni kwamba mshahara wa mwanagenzi haukuwa shauri lake peke yake: ndio mlango uliotumiwa kushusha mishahara ya wote.

2. Mzozo wa Century na Uamuzi wa 83

Chama cha marubani, ALPA, kiliundwa mwaka 1931 chini ya David Behncke. Mwaka uliofuata kilijaribiwa. E. L. Cord, mwenye kampuni ya Century iliyoendesha safari zake kutoka Chicago, alitaka kupunguza mshahara wa rubani kutoka dola 350 kwa mwezi hadi dola 150. Uchumi ulikuwa umeanguka, na marubani wasio na kazi walikuwa wengi. Kwa nini, basi, amlipe mzoefu? Marubani walipokataa, walifungiwa nje na nafasi zao zikatolewa kwa wengine.

Lakini Cord alitamani pia mkataba wa serikali wa kubeba barua, na hapo ndipo chama kilipombana. Kesi ilifikishwa bungeni, ambako mbunge Fiorello La Guardia aliwatetea marubani. Mwaka huo huo wa 1932 Cord aliuza kampuni yake.

Mwaka 1934 Baraza la Kazi la Taifa lilitoa Uamuzi wa 83. Rubani asirushwe zaidi ya saa 85 kwa mwezi. Na malipo yake yawe na msingi unaopanda kwa miaka ya utumishi, pamoja na nyongeza kwa kazi aliyoifanya angani. Sheria ya usafiri wa anga ya mwaka 1938 iliuthibitisha uamuzi huo. Mwanagenzi bado alianzia chini, lakini alianzia chini ya ngazi iliyojulikana, ambayo kila aliyemtangulia aliipanda.

3. Ngazi mbili

Mwaka 1978 serikali iliacha kupanga nauli na njia za ndege, na ushindani ukawa mkali. Mwaka 1983 American Airlines ilianzisha ngazi mbili za mishahara: waliokuwamo walibaki na yao, na walioajiriwa baadaye wakawekewa nyingine, ya chini sana. Hila yake ni wazi. Wanaopiga kura chamani hawapotezi kitu; watakaopoteza hawajaajiriwa bado.

United ilipotaka vivyo hivyo, marubani wake waligoma kwa siku 29 kuanzia tarehe 17 Mei 1985. Kampuni ilikuwa imewafundisha marubani wapya zaidi ya 500, ikitumaini kwamba wangeruka wakati wa mgomo. Karibu wote walikataa. Baada ya mgomo kampuni iliwanyima kazi, hata mahakama ilipoamua kwamba walikosewa. Mgomo huo haukuzifuta ngazi mbili, ila ulionyesha kwamba waliokuwa na kidogo kabisa waliweza kusimama pamoja na wenye kingi.

4. Ajali ya mwaka 2009

Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya Colgan Air ilianguka karibu na Buffalo. Watu 50 walikufa. Wachunguzi walisema kwamba nahodha alikosea katika kujibu onyo la ndege kupoteza mwinuko wa mabawa. Uchunguzi ulifichua pia maisha ya marubani wa kampuni ndogo: rubani msaidizi, mwenye mshahara mdogo, aliishi kwa wazazi wake karibu na Seattle na alisafiri usiku kucha kuvuka nchi ili afike kazini. Uchovu ulihesabiwa kuwa ulidhoofisha utendaji wao, ijapokuwa kiasi chake hakikuweza kupimwa.

Sheria ya mwaka 2010, iliyotekelezwa mwaka 2013, ilimtaka kwa kawaida rubani msaidizi awe na saa 1,500 za kuruka. Hapo awali zilitosha 250. Sheria iliongeza sharti la kuingia. Juu ya mshahara haikusema neno.

5. Hitimisho

Mishahara ya wanaoanza ilipanda sana mwaka 2022, marubani walipoadimika. Tukilinganisha na mwaka 1932, twaona kanuni ile ile ikifanya kazi kinyume: wengi walishushwa, wachache wakapandishwa. Soko lililompandisha mwanagenzi laweza kumshusha kesho. Kilichomlinda kwa muda mrefu ni ngazi moja iliyoandikwa, na wakubwa waliokubali kwamba mgeni wa leo ndiye mwenyeji wa kesho.