Kumwaga Oili
Kwa mafundi na waendesha bodaboda wa Tanzania, kazi ya kubadilisha mafuta yanayolainisha injini ya pikipiki huitwa kumwaga oili, ingawa kitenzi -mwaga, yaani kutoa kimiminika chomboni kikatiririka, hutaja nusu tu ya kazi hiyo na kuiacha nusu ya pili, ambayo ni kujaza oili mpya, ieleweke yenyewe. Anayeifanya mwenyewe huiwasha injini dakika chache ili oili ipate moto na kuwa nyepesi, huizima, kisha hufungua bolti ya chini kwa spana, beseni likiwa limetegwa tayari, kwa kuwa oili chafu hubeba chembe za chuma na masizi. Beseni hilo halimo katika msemo, na upungufu huo ni mzito hasa Ras Kisimani, ncha ya magharibi ya Kisiwa cha Mafia, ambayo jina lake ni kisima na kiambishi cha mahali -ni, kwani kinachomwagwa mchangani huzama kuelekea maji yanayotekwa. Kiswahili kina tayari kitenzi -kinga, kinachotumika kwa chombo kinachowekwa kupokea maji ya mvua kutoka paani, na kukinga oili ingekuwa kauli sahihi zaidi.