Kuku wa Singida na ukoo wa salmonela

Kuku akizubaa, mabawa yakashuka na kinyesi kikawa cha kijani, mfugaji wa Manyoni au Bahi hasubiri kuambiwa: ni kideri. Mara nyingi amepatia. Mara nyingine ni homa ya matumbo ya kuku, inayoletwa na bakteria aitwaye Salmonella Gallinarum, na hata daktari wa mifugo hawezi kuapa kwa kutazama tu. Binadamu hasumbuliwi na bakteria huyo. Lakini mwaka 2008 watafiti waliosoma vinasaba vyake vyote walikuta kuwa ni mzao wa karibuni wa Salmonella Enteritidis, yule anayejificha ndani ya yai na kumharisha mlaji. Kwa kuzoea kuku peke yao, amepoteza jeni nyingi za wazee wake, hata vimkia vya kuogelea hana tena.

Udugu wa namna hiyo ulichukua zaidi ya karne kuonekana. Mwaka 1885, nchini Marekani, Theobald Smith alimpata bakteria kutoka kwa nguruwe wagonjwa. Mkuu wake wa kazi alikuwa Daniel Salmon, daktari wa mifugo, na jina likaenda kwa mkuu. Tena walidhani wamekamata chanzo cha homa ya nguruwe, kumbe ile ni kazi ya kirusi.

Waliofuata, hasa Bruce White wa Uingereza na Fritz Kauffmann aliyefanya kazi Copenhagen, walitegemea kuganda ili kutofautisha aina za salmonela. Seramu ya sungura aliyechomwa bakteria wa aina inayojulikana huchanganywa na bakteria mgeni. Wakilingana, bakteria hushikana mabonge. Orodha ya mwaka 1934 ilikuwa na aina 44. Leo zinapita 2,500, na nyingi zilipewa jina la mahali zilipopatikana kwanza: Zanzibar, Kampala, Kisangani, Mbandaka, na pia Dar es Salaam. Miaka ya 1980 Léon Le Minor na Michel Popoff wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walilinganisha DNA za bakteria hao, wakaona kuwa karibu wote ni spishi moja yenye matawi. Tawi moja likaitwa salamae, kutokana na ile aina ya Dar es Salaam. Wakazi wa jiji hilo wasiudhike: salamae huonekana zaidi kwa mijusi na nyoka.

Jina la mji, hata hivyo, halisemi ukoo. Mbandaka leo hukutwa katika vyakula vya kuku huko Ulaya. Na ng'ombe wawili wekundu katika mnada wa Msalato, Dodoma, wanaweza kuwa wametoka mazizi yasiyojuana kabisa. Ndivyo ilivyokuwa kwa Salmonella Typhimurium, aliyejaa duniani kote akiwa na jina moja na seramu ileile. Mwaka 1984 David Schwartz na Charles Cantor walionyesha njia ya kutenganisha vipande vikubwa vya DNA ndani ya jeli, kwa umeme unaobadilisha mwelekeo. Kila uzao ukawa na mistari yake, na kuanzia 1996 Marekani ikaitumia njia hiyo kuunganisha wagonjwa wa majimbo tofauti na chakula kimoja. Baadaye ikaja kusoma jeni saba na kuupa kila mpangilio namba.

Kwa Afrika, namba iliyoshtua ni ST313. Mwaka 2009 vinasaba vya Typhimurium kutoka kwa mtoto wa Blantyre, Malawi, vilisomwa vyote. Bakteria huyo hakuwa yule wa kuharisha tu anayejulikana Ulaya. Sehemu ya jeni zake zilikuwa zimekufa, jambo linalofanana na lile la bakteria wa taifodi, na alikuwa akiingia kwenye damu. Mwaka 2012 ikabainika kuwa ST313 ana nasaba mbili, zote za miongo ya karibuni, na kwamba usugu dhidi ya dawa ya kloramfeniko uliisaidia mojawapo kuisukuma nyingine pembeni. Wanaopigwa zaidi ni watoto wenye malaria au utapiamlo, na watu wazima wenye VVU. Kule Muheza, Tanga, malaria ilipopungua, maambukizi ya damu ya salmonela zisizo za taifodi yalipungua nayo. Katika uwanda wa kati, Singida na Dodoma, ambako mvua ikikosa kinachofuata ni njaa, sijui kama kuna sababu ya kumdharau ST313.

Taifodi nayo ina hadithi yake. Utafiti wa mwaka 2015 uliosoma vinasaba vya bakteria kutoka nchi 63 ulionyesha kuwa uzao mmoja sugu, H58, ulitoka Asia ya Kusini ukaingia Afrika Mashariki.

Zahanati na maabara nyingi za mitaani, Dodoma na kwingineko, bado hutegemea Widal, kipimo cha mwaka 1896. Ni kuganda kulekule, ila kumegeuzwa: seramu ni ya mgonjwa, bakteria ndiye anayejulikana. Watafiti walipokijaribu kwa watoto waliolazwa Muheza, wengi wa walioonekana wana taifodi hawakuwa nayo damu yao ilipooteshwa. Na pasipo kuotesha hakuna bakteria wa kusomwa vinasaba. Mgonjwa hutoka na karatasi ya majibu iliyoandikwa 1:160, akanunua dawa, na kama kweli alibeba H58, hakuna daftari lolote litakalolisema hilo.