Kikombe Kimoja, Kiti cha Kutwa

Mtu anaingia mgahawani asubuhi, anaagiza kahawa moja, anachomeka chaja ya laptopu na haondoki hadi jua linazama. Je, amekosa adabu? Inategemea kikombe chake kimenunua nini, na miji haijakubaliana juu ya hilo.

Vienna, kikombe hununua kiti. Kahawa huletwa juu ya sinia ndogo ya fedha pamoja na glasi ya maji, magazeti yamebanwa kwenye fremu za mbao, na bili haiji mpaka uiombe. Mwandishi Peter Altenberg aliifanya Café Central kuwa anwani yake, hata barua zake zikapelekwa huko. Mwaka 2011 Austria iliutambua utamaduni huu kuwa urithi wake usioshikika. Wenye laptopu hupenda kujitetea kwa mfano huu.

London ya karne ya 17, baada ya Pasqua Rosée kufungua kibanda chake cha kahawa mwaka 1652, peni moja ilinunua kahawa na wenzako wa mezani. Ulikaa palipo wazi, ukazungumza na uliyemkuta. Kazi ilifanyika humo pia: katika mgahawa wa Edward Lloyd, manahodha na wenye meli walipeana habari za bahari na kukatiana bima, na soko la bima la Lloyd's likazaliwa. Lakini kazi hiyo ilifanywa kwa mdomo, na jirani alifaidika kwa kuisikia.

Jaws Corner, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kikombe hununua kahawa tu. Baraza ni ya mtaa. Kahawa chungu humiminwa kutoka kwenye dele la moto, kashata ikiwa pembeni, na hata asiyekunywa hafukuzwi. Anachodaiwa ni salamu na maneno: siasa, mpira, utani wa dhumna. Akijikunyata kimya na kuwapa wenzake mgongo, ataulizwa tu: "Vipi shehe, kulikoni leo?"

Moscow, mwaka 2011, Ivan Mitin alikata mzizi wa fitina kwa kufungua mgahawa wa Ziferblat: kahawa ya bure, dakika za kulipia. Mgeni huchukua saa ya kumpimia muda anapoingia. Hakuna anayemwonea mwenzake, ila hakuna pia anayesahau kuwa anahesabiwa.

Mtu wa laptopu amechota kila mahali kilicho chepesi: kiti cha Vienna, kazi ya London, starehe ya barazani. Malipo yake ameyaacha huko huko. Mwenye mgahawa naye hana haki ya kununa ikiwa ameweka soketi kila ukuta na nywila ya intaneti kwenye risiti. Ametandika jamvi mwenyewe. Akitaka watu waondoke saa sita, aandike mlangoni.

Hata hivyo, mdai mkubwa si mwenye mgahawa. Yeye anaweza kupandisha bei. Anayeumia bila mtetezi ni mteja aliyeshika sahani ya chakula cha mchana huku meza ya watu wanne ina mtu mmoja, mkoba na vipokea sauti masikioni. Kikombe cha pili humridhisha mwenye duka tu; huyu aliyesimama hulipwa kwa kusogezewa mkoba, kukaribishwa kiti, na kama pamejaa kweli, kuachiwa meza.