Kamera zisizo na kioo: tetesi na ukweli

Katika viwanja vya tenisi vya Wimbledon, London, watazamaji huombwa wanyamaze mchezo unapoendelea. Katika ukimya huo mlio wa kamera husikika, na wapiga picha wa habari wamevutiwa na kamera zisizo na kioo ndani.

Zinafanyaje kazi?

Katika kamera ya zamani, kioo huinuka kila picha inapopigwa. Kamera mpya haina kioo hicho, na huweza kupiga picha kimya kabisa.

Hata hivyo, kwa kawaida kihisi mwanga husoma picha mstari kwa mstari. Raketi iendayo kasi huweza kuonekana imepinda.

Novemba 2023 Sony ilitangaza A9 III, inayosoma picha nzima kwa mara moja, hadi picha 120 kwa sekunde.

Uvumi wa Canon

Ilivumishwa kwamba EOS R1 ya Canon nayo ingekuwa na uwezo huo. Ilipotangazwa Julai 2024, siku chache kabla ya Olimpiki ya Paris, haikuwa nao. Kasi yake ni picha 40 kwa sekunde.

Uvumi wa namna hiyo huweza kumgharimu mpiga picha wa kujitegemea, awe London au Nairobi. Akiuza vifaa vyake mapema, hubaki bila chombo cha kazi.

Aidha, lenzi nyingi za zamani za Canon na Nikon hutumika kwenye kamera mpya za kampuni hizo kwa kuunganishwa na adapta. Si lazima kuuza kila kitu.